Jina Lililovuka Magulioni

Hapo zamani, na msidhani nawasifia watu wangu bure, palikuwa na mtoto wa kike wa Mkunguni aliyetimiza arobaini bila jina. Mila yetu ni hii: mtoto wa kwanza hunong'onezwa jina sikioni na mama wa bibi yake, na jina lenyewe huwa la mtu aliyemfikisha salama kwa kizee huyo. Naye kizee, Bi Kazija, aliishi Pandani, hoi kitandani. Akifa kabla, mtoto amekosa jina la ukoo. Na njiani kuna bonde la Magulioni, na mwaka huo Magulioni kulikuwa na kifaduro. Kifaduro, jamani! Mtu mzima hukohoa akapona. Mtoto mchanga huzikwa.

Wengine wangebaki nyumbani. Wa kwetu walikwenda! Sihaba, mama mtu, alimfunga mwanawe kifuani, na wanawake watatu wakasimama naye.

Wa kwanza Mize, mama mkubwa wa mtoto, fundi wa sindano. Alitoa sandukuni kanga yake ya harusi, akaikata kra! kra! Akashona barakoa za tabaka tatu, kila mtu yake.

"Mtoto hafungwi pua," alisema. "Tujifunge sisi, tusimpelekee pumzi ya Magulioni."

Na kila walipotua, alizichemsha.

Wa pili Raya, shangazi, mwenye ulimi kuushinda mji mzima. Magulioni mwenyeji wao, Mzee Makame, aliwatokea na sinia la wali.

"Karibuni. Ila kwetu anayeziba mdomo mbele ya mwenyeji anasema nyumba yetu inanuka. Funueni nyuso, au rudini mlikotoka."

Sihaba alikwisha kushika fundo la barakoa. Raya akatangulia mbele.

"Shikamoo, baba. Hatuwatusi. Kwetu, wanaompeleka mtoto kupewa jina hawafunui kinywa mbele za watu mpaka jina litamkwe. Wakifunua, jina linakataa kukaa."

Mila hiyo haikuwapo! Aliitunga palepale, hata kope haikumcheza. Mzee Makame akainamisha kichwa.

"Mila ni mila," alisema, akawafungia wali kwenye majani ya mgomba wakale mbele ya safari. Na tangu siku ile, niwaambie, mila hiyo ipo. Mimi mwenyewe nimeifuata.

Wa tatu Mosi, mama mdogo wa mtoto, asiyejaliwa kizazi. Asubuhi, kwenye kivuko cha mto, Sihaba aliteleza. Mtoto alisalimika, barakoa ya mama ikaenda na maji. Ng'ambo watu walikuwa wakikohoa. Mosi alikuwa hajaifunga yake, imechemshwa, safi, iko mkononi.

"Dada, vaa."

"Na wewe?"

"Mimi sinyonyeshi."

Alijifunika upindo wa kanga, lakini upindo mmoja si tabaka tatu. Akakaa nyuma peke yake safari nzima, asimguse mtoto tena. Pandani alilala kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba, nyuma ya nyumba ya kizee. Wenzake walisubiri siku kadhaa kabla ya kuingia kwa kizee, wakajiona wazima. Mtoto mzima, anacheka. Mosi ndiye aliyeanza kukohoa.

Bi Kazija akampakata kitukuu.

"Nani amemfikisha?"

Mize akasema, "Bila kitambaa changu, ulimi wa Raya ungetetea nini?"

Raya akasema, "Bila ulimi wangu, kitambaa chako kingebaki mlangoni kwa Mzee Makame."

Kutoka dunguni ikaja sauti, ikikatwa na kikohozi:

"Mimi sigombani. Ila nyie mna watoto. Jina langu mimi litabaki kwa nani?"

Bi Kazija akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe nilizaa watu!"

Akasogeza midomo sikioni mwa mtoto. Pumzi zake zilikuwa chache, na jina ni moja tu.

Haya, mliokaa hapa, semeni upesi, kizee anangoja. Mize, Raya, au Mosi: je, nani alistahili?