Mkunga wa Basra na Nyumbu Mweusi

Imepokewa katika habari za watu wema waliotutangulia kwamba katika viunga vya Basra aliishi mkunga mcha Mungu, jina lake Lubaba, Mola amrehemu. Nyumbu wake alikuwa amekufa, na ng'ambo ya mifereji palikuwa na mwanamke aliyekaribia kujifungua. Moyo wa Lubaba haukutulia. Akaenda soko la wanyama.

Muuzaji mmoja, Hurayth, akamtolea nyumbu mweusi, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Lubaba akampenda papo hapo, akaihofia nafsi yake kwa kupenda upesi hivyo. Akaomba tandiko livuliwe. Akapapasa mgongo, akatazama meno, akainua kwato moja moja, kisha akampanda na kumzungusha uwanjani. Hakuona ila yoyote.

"Wallahi, bibi, hana kasoro," akasema Hurayth. "Na yuko mtu anakuja kumchukua sasa hivi."

"Akija amchukue, itakuwa riziki yake. Wala usiape, ndugu yangu. Wewe umeishi naye, mimi nimemwona leo. Lau binti yako angeshikwa na uchungu ng'ambo ya mfereji, ungenituma kwake juu ya mnyama huyu?"

Hurayth alikuwa na binti.

"La," akasema hatimaye, macho chini. "Akiona maji hugoma. Hata umpige, havuki."

Lubaba hakumkaripia. "Mwenyezi Mungu akulipe kheri," akamwambia.

Ndipo Hurayth akamwonyesha nyumbu jike, mzee, sikio limechanika. Waliokuwapo wakacheka. Lubaba akamkagua vilevile, tandiko chini, kisha akaomba ruhusa ya kumfikisha mferejini. Yule jike akaingia majini, akavuka bila kusita. Lubaba akamnunua, na kabla ya magharibi akawa kwa mzazi. Mtoto akapokelewa salama.

Ama Hurayth, tangu siku ile aliitaja ila ya yule mweusi kabla hajaulizwa. Wengi wakaenda zao. Mwishowe akaja mtu wa nchi kavu, asiye na mfereji wa kuvuka, akamchukua kwa furaha, huku akijua anachonunua.

Tazameni, ndugu zangu: Lubaba hakuona haya kukagua, hata baada ya kuambiwa kweli, na kwa kufanya hivyo hakumdhania mwenziwe vibaya. Mola atuwafikishe kuuliza vyema tunaponunua, na atupe ujasiri wa kusema "la" tunapouza.