Kindi na Kengele ya Kilimani

Hapo zamani za kale, nanyi mlio nyuma sogeeni, wanyama walikuwa na kanisa lao kilimani. Mzee wa kanisa alikuwa Tembo. Nyati aliongoza kwaya. Na kengele, ile rimu kuukuu ya lori iliyoning'inia mtini, aliigonga nani? Kindi! Mvua au jua, nge! nge! nge! Asante hakuwahi kuambiwa hata siku moja, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Jumapili ya mavuno, Askofu Swala alitarajiwa. Tembo akamwita Kindi.

"Wewe Kindi, leo utakaa nje. Kigoda chako kinabana kwaya."

"Shikamoo, mzee. Na kengele je?"

"Kelele tupu! Leo leo tunaishusha."

Kindi aliumia moyo. Hakujua kuimba wala kuhubiri. Kengele ndiyo ilikuwa utumishi wake wote. Lakini akatabasamu.

"Kweli, mzee. Mwenye sauti kama yako chuma cha nini? Waite waumini wewe mwenyewe! Mzee Nyati naye aitikie. Askofu awasikie huko huko njiani!"

Wee! Tembo akavimba kichwa. Akasimama mlangoni, akainua mkonga.

"Paaaaaa!"

"Mbuuuuuu!" akaitikia Nyati.

Bondeni, waumini walikuwa wanapanda kilima na maboga yao ya mavuno.

"Mama yangu! Tembo kachachamaa!" akalia Digidigi.

Maboga chini, buu! Kila mtu mbio! Askofu Swala akaruka kichakani, joho likanasa kwenye miiba.

Tembo akaona kilima kitupu, akamgeukia Kindi.

"Kindi, mwanangu! Wanakimbia! Gonga kengele!"

"Mimi? Si nimeambiwa nikae nje?"

"Nakusihi!"

"Na kigoda changu?"

"Mbele! Mbele kabisa!"

"Na kengele?"

"Haishuki ng'o!"

Kindi huyoo, akaparamia mti. Nge! Nge! Nge!

Bondeni wakasimama. "Aa, huyo ni Kindi wetu," akasema Digidigi. "Basi ni salama."

Wakaokota maboga, wakarudi wote. Kanisa likajaa mpaka madirishani. Askofu, joho limechanika, akauliza, "Nani ametuita?"

Tembo akainamisha kichwa, akaelekeza mkonga. "Ni Kindi, baba Askofu. Mimi niliwafukuza."

Vigelegele! Hata Nyati alipiga!

Basi wanangu, katika nyumba ya Mungu hakuna utumishi mdogo.