Bibi wa Kuazima

Hapo zamani, si zile za wanyama kuongea, hizi za juzi juzi tu, wakati kila mtu ana simu lakini choo cha kukaa bado ni cha kuhesabika, shule moja ya sekondari kwenye vilima vya kahawa kule Umatengo ilipata marafiki Norwei.

Marafiki wakaleta fomu. Wanafunzi watano wa Norwei wangekuja kwa wiki moja, kila mmoja akae kwenye nyumba yake, na mwezi wa nane mtoto wa kila nyumba iliyopokea mgeni angekwenda Norwei naye akapokelewe. Ndege, chakula, kila kitu. Hebu fikiria fomu ya namna hiyo inaingia kwenye mji ambao safari ndefu ni kwenda Songea kung'olewa jino.

Tasiana wa kidato cha tatu aliijaza yake kwa Kiingereza safi, maana darasani hakuna aliyemfikia. Fomu ikarudi. Kamati ilikuwa imeandika kwa wino mwekundu: choo cha shimo. Kuhusu Kiingereza haikuandika kitu. Iliuma. Tasiana akalia, akanawa uso, akarudi darasani.

Nyumba iliyopita ilikuwa ya kina Filothea. Choo cha kukaa kilikuwepo, ingawa mama yake alikifunga kwa ufunguo na familia yote ilitumia shimo la nyuma kama watu wengine. Chumba cha mgeni kilikuwepo. Binti wa rika la mgeni alikuwepo. Lakini mgeni mwenyewe, msichana aitwaye Sigrid, alikuwa ameandika ombi moja: angependa nyumba yenye bibi. Na bibi hapakuwepo. Wa upande wa baba alikwishafariki, na wa upande wa mama alikuwa hasalimiani na mwanawe tangu siku ya harusi.

"Mgeni kataka bibi, bibi atapatikana," alisema Mama Filothea.

Walikuwa wameshaazima friji. Walikuwa wameshaazima sofa. Mkuu wa shule alikuja kukagua nyumba, akaketi kwenye sofa ile, akaisifu sana na kutia sahihi, na sofa yenyewe ilikuwa yake. Basi wakavuka njia kwenda kuazima na bibi.

Nyumba ya pili aliishi Kanisia, mwanafunzi wa darasa lilelile, yatima, na bibi yake Otilia. Wawili tu.

"Mama, mimi ninaye huyu peke yake," alisema Kanisia.

"Wiki moja tu, mwanangu. Hatumli."

Jirani unayemwomba moto kila asubuhi utamkataliaje? Kanisia akakubali. Bibi Otilia naye akaweka sharti. "Kukaa nitakaa, kusimulia nitasimulia. Ila uongo kinywani mwangu hautapita, nimeungama juzi."

"Usijali, Bibi. Wewe sema ukweli wako wote. Wa kutafsiri tunaye."

Ndipo Tasiana alipoitwa, akapewa cheo cha binamu. Aliitika haraka, kwani alijiambia kwamba anayeongea na mgeni hawezi kusahaulika siku ya kugawa safari.

Jumatatu Sigrid akauliza, "Bibi ameishi nyumba hii miaka mingapi?"

Bibi akajibu, "Mwambie mimi si wa hapa. Nimeazimwa pamoja na sofa."

Tasiana akatafsiri: "Anasema yupo hapa tangu alipoolewa."

Jumanne Sigrid akauliza, "Mjukuu anayempenda kuliko wote ni nani?"

Bibi akajibu, "Kanisia, wa nyumba ile yenye mlango wa bluu."

Tasiana akatafsiri: "Anasema ni Filothea."

Jumatano Sigrid akauliza, "Mbona Bibi anachungulia sana dirishani?"

Bibi akajibu, "Naangalia kama Kanisia kawasha moto. Mtoto yule akiwa peke yake hali."

Tasiana akatafsiri: "Anasema anapenda mandhari."

Ulimi ulianza kumwelemea. Kila asubuhi Kanisia alipita mlangoni na sare yake, akasimama mbali kama muuza mboga, akasema, "Shikamoo, Bibi wa kina Filothea." Bibi aliitikia marahaba huku akifuta macho kwa upindo wa khanga, na Tasiana alijifanya anatafuta kalamu.

Filothea naye hakuwa anastarehe. Kile chumba cha mgeni kilikuwa chake, na mgeni alilala kitandani kwake. Yeye alilala kwenye mkeka jikoni, akikohoa moshi. Na choo kile cha sifa hakikuwa na maji. Kila siku alipandisha ndoo kumi na mbili kutoka bondeni, ili Norwei ivute mnyororo na kusikia maji yakishuka.

Jumamosi ikawa ya kuagana. Ukumbi ulijaa wazazi, wageni, kamati na soda. Sigrid akapanda jukwaani akitabasamu. Alikuwa amemrekodi Bibi wiki nzima kwa simu, akaona hakuna zawadi bora kuliko kuwasikilizisha watu sauti ile. Akaunganisha simu na spika.

"Mwambie mimi si wa hapa," ikanguruma sauti ya Bibi Otilia ukumbi mzima. "Nimeazimwa pamoja na sofa."

Watu wakageuka kumtazama mkuu wa shule, ambaye alikuwa akiitazama soda yake. Ukaja mlango wa bluu. Ukaja moto usiowashwa. Na baada ya kila jibu ilifuata sauti nyembamba ya Tasiana, ikisema mengine kabisa. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Wageni nao wakacheka, kwa adabu.

Gari la wageni lilikuwa limeshawashwa nje, na mwalimu wao alihitaji jina la mtoto wa nyumba ile, jina moja, kwenye mstari mmoja. Mkuu wa shule akawaita wasichana watatu mbele.

Filothea akasema, "Nyumba ni yetu, kitanda ni changu, na maji nimeyabeba mimi. Kuazima bibi lilikuwa shauri la wakubwa."

Kanisia akasema, "Wengine wametoa kitanda na friji. Mimi nimetoa mtu. Wiki nzima nimempa bibi yangu mwenyewe shikamoo ya mpita njia. Ni kweli nilinyamaza."

Tasiana akasema, "Bila mimi mgeni angekaa siku saba katikati ya meno yanayotabasamu. Mlinikataa kwa sababu ya shimo, mkaniita kwa sababu ya mdomo. Nilidanganya, na walionituma wamekaa mstari wa mbele."

Mkuu wa shule aliona mzigo unamwelekea, akautua palepale. "Mgeni aamue. Tasiana, mweleze."

Tasiana akasimama. Kiingereza cha mkuu kilikuwa cha hotuba. Cha haraka kilimpita. Angeweza kupunguza hapa na kuongeza pale, na tiketi ingekuwa yake. Akamtazama Bibi Otilia, kisha akatafsiri yote: ndoo kumi na mbili, shikamoo ya mpita njia, moto usiowashwa, na yeye mwenyewe kama mwongo. Neno kwa neno, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Sigrid akajibu, na Tasiana akatafsiri hivyohivyo. "Anasema aliomba bibi, akapata bibi. Bibi alimshika mkono kila siku, na hilo halikutaka mkalimani. Kuhusu jina, yeye ni mgeni. Mnaojuana ni ninyi."

Mkuu akamgeukia Bibi Otilia.

"Ukiniuliza mimi, Mwalimu, nitamtaja wangu, kama bibi yeyote," alisema Bibi. "Hiyo si hukumu. Amueni ninyi mlionihamisha."

Dereva akapiga honi mara ya pili. Mkuu wa shule akaitazama kamati, kamati ikaitazama dari, na kalamu ikabaki mezani.

Basi ninyi mnaonisikiliza, kalamu ndiyo hiyo, ichukueni. Yupo Filothea aliyelala sakafuni na kubeba maji. Yupo Kanisia aliyetoa mtu wake wa pekee. Yupo Tasiana aliyedanganya wiki nzima, kisha akasema kweli pale tu ukweli ulipoweza kumkosesha safari. Mstari ni mmoja na gari halingoji. Je, nani apande ndege?