Nyumba ya Kipupwe Ng'ambo ya Mto

Ulikuwapo mwaka mmoja ambao kipupwe kilifika mlimani kabla ya wakati wake. Ukungu ulishuka mwezi wa tano, ukakaa. Nyasi ziliamka nyeupe kila asubuhi, vijito vikashika barafu kingoni, na wanyama wa Uwanda wa Juu wakaanza kulizungumzia joto kama ndugu aliyehamia mbali na haandiki barua.

Bi Ngiri hakuwa na muda wa mazungumzo hayo. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mwaka uliotangulia alizaa watoto watatu katikati ya baridi, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amewazika wote. Hakulia mbele za watu. Alimwambia mumewe neno moja tu:

"Hawa hawatazaliwa humu."

Ngiri alikubali palepale. Alikuwa mwepesi wa kukubali. Mkia wake ulisimama wima kila lilipopita wazo, liwe lake au la mwingine.

"Tutanunua nyumba ya kipupwe," alisema. "Ng'ambo. Wenye heshima zao wote wana nyumba ng'ambo."

"Nani?"

"Korongo."

"Korongo ana mabawa."

"Ndiyo maana nakwambia ana heshima zake."

Wiki ile walipokea ushauri mwingi kuliko wageni wa mwaka mzima. Kiboko aliwatumia salamu kuwa ufukoni kwake kuna joto na nafasi ya kutosha. Walipouliza zaidi, waliambiwa kwamba mwenye ufuko hutoka majini kila usiku kula majani, na hana kawaida ya kutazama anachokikanyaga. Choroa alisifia jangwa lake. Joto lipo, alisema, ila maji hakuna, na mtu huzoea. Hakusema huchukua muda gani kuzoea. Kobe naye alisema hajawahi kuelewa kwa nini mtu mmoja awe na nyumba mbili, lakini Kobe hakuwa ameulizwa.

Ndipo alipobisha hodi Sungura. Kazi yake ilikuwa udalali, na masikio yake yalikuwa yamekwisha kusikia kila kitu.

"Shemeji," alimwambia Bi Ngiri, "usihangaike na ufuko wala jangwa. Nina nyumba ng'ambo ya mto, katika nchi ya Simba. Udongo mkavu. Joto la kuku anayeatamia. Na mandhari! Ukikaa ndani unaliona bonde zima."

"Bei yake?"

"Shimo lenu hili. Mnaacha moja, mnapata moja."

"Kipupwe kikiisha tutarudi wapi?"

Sungura alicheka kwa upole. "Kati ya wote walionunua kwangu, shemeji, hakuna hata mmoja aliyerudi. Kaka yake mumeo alikwenda mwaka jana na mkewe, kwa majaribio tu. Umemwona tena?"

"Sijamwona."

"Unaona? Mtu akipata pazuri, ndivyo anavyokuwa."

Mkia wa Ngiri ulisimama. Bi Ngiri akaweka sharti moja: waione nyumba kwanza. Siku watakayolala ndani yake, ndiyo siku Sungura atakapokuwa mwenye shimo la mlimani. Kabla ya hapo hakuna aliyejifunga. Sungura alikubali upesi mno, na upesi ule haukumpendeza Bi Ngiri.

Walitembea siku mbili. Walivuka mto siku ya tatu, jua likiwa utosini, na Bi Ngiri, ambaye alikuwa amejiandaa kutopenda, akashindwa. Ardhi ilikuwa ya moto chini ya kwato. Mgongo wake, uliokuwa umekakamaa tangu mwezi wa tano, ulilegea wenyewe. Ndani ya tumbo watoto waligeuka.

Nyumba ilikuwa kwenye kilima, mlango ukitazama bonde.

"Ingieni, ingieni," Sungura alisema, akikaa pembeni. "Jisikieni kwenu."

Katika ukoo wa ngiri, nyumba huingiwa kinyumenyume. Makalio hutangulia, na uso na pembe hubaki mlangoni kumngoja adui. Ni desturi nzuri na imeokoa wengi. Ina kasoro moja: hakuna ngiri aliyewahi kuona ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Mtu akimwuliza ngiri kwake kukoje, atamweleza kilichoko nje. Sungura alikuwa amelijua hilo zamani. Ndiyo maana nyumba yoyote aliyowauzia ngiri ilikuwa na mandhari.

Ngiri alijigeuza, akarudi nyuma kwa hatua fupifupi mpaka ikabaki pua tu mlangoni.

"Naona bonde!" alisema. "Naona mto! Mke wangu, naona hata mlima wetu!"

"Nyumba ikoje?"

"Nzuri sana. Naona mto."

"Nakuuliza nyumba."

"Si ndiyo nakwambia."

Ngiri alitoka amejaa furaha. Zamu ya mkewe ilipofika, Bi Ngiri alisimama mbele ya mlango, akautazama, kisha akainamisha kichwa na kuanza kuingia pua mbele.

"Shemeji!" Sungura alishtuka. "Unaingia kichwa mbele? Watu watasemaje?"

"Mke wangu, jamani," mumewe alinong'ona. "Tuko ugenini."

"Ni mimba," Bi Ngiri alijibu, nusu mwili ukiwa ndani. "Ya safari hii inataka hivi. Ile ya kwanza ilitaka udongo, hamkusema neno."

Mwanaume gani angebishana na mimba? Wakamwacha aingie.

Ndani palikuwa pakavu na pana joto, kama dalali alivyosema. Ukuta wa nyuma ndio haukuwapo. Mahali pake palikuwa na njia ya pili iliyotokea kichakani, pana kiasi cha mabega ya Fisi, na kwenye kingo zake yalikuwa yamenasa manyoya ya Fisi. Chini, mifupa ilikuwa imesukumwa kando kama mtu anavyosogeza vyombo baada ya kula. Juu ya mifupa ilikaa pembe moja iliyovunjika ncha. Bi Ngiri aliinusa. Alikuwa akimtania shemeji yake kwa pembe ile tangu siku ya harusi. Kando yake kulikuwa na pembe nyingine mbili, ndogo, za mwanamke.

Akaelewa. Mwenye nyumba hulala mlangoni, pembe zake zikingoja adui wa mbele. Fisi hupita nyuma. Fisi anapata nyama na Sungura anapata shimo la mlimani.

Alirudi nje taratibu, makalio yakitangulia.

"Nimeipenda," alisema. "Tutalala leo. Ila mimi nimelelewa, Bwana Sungura. Mgeni halali katika nchi ya watu kabla hajamsalimu mwenye nchi. Tutakwenda kwa Simba mara moja, halafu tutarudi kulala."

Sungura alipiga hesabu ya haraka. Simba akiwala, shimo la mlimani litabaki wazi. Asipowala, watarudi. Njia zote mbili zilimfaa.

"Adabu ni kitu kizuri, shemeji," alisema. "Nendeni. Nitawasubiri."

Walipokuwa mbali kidogo, Bi Ngiri alisema bila kupunguza mwendo, "Nimeiona pembe ya kaka yako mle ndani."

"Ipi?"

"Iliyovunjika ncha."

Ngiri alifikiri. "Labda aliisahau."

"Ngiri."

Alisimama. Mkia wake ulilala, na haukuinuka tena siku ile. Kisha alisema, "Twende nyumbani. Sasa hivi. Tukimbie."

"Fisi ana pua na ana miguu, na mimi nina tumbo. Hatutafika hata mtoni. Na tukifika, mwezi ujao Sungura atawaleta wengine. Tembea, baba. Angalia juu ya ile miti."

Juu ya miti tai walikuwa wamejaa, wazito, hawataki kuruka. Maana yake ni kwamba Simba alikuwa amekula nyati asubuhi ile, na saa ile alikuwa na nafasi ya kusikiliza.

Walimkuta amelala ubavu, macho nusu. Bi Ngiri alipiga magoti. Ngiri hupiga magoti hata anapokula majani, lakini Simba hakuwahi kujisumbua kujua ngiri anakula vipi, na heshima ile ilimwingia.

"Semeni," alisema.

"Mtukufu, hatukuja kukuchosha. Sisi ni wageni kutoka mlimani. Tumekuja kukujulisha tu, kwa kuwa tumesikia nawe unaishi hapa, kwamba tumekwisha kupewa makazi na mwenye nchi."

Simba alifungua macho yote mawili. "Na nani?"

"Na mwenye nchi. Mtukufu Fisi. Ametuuzia nyumba kule kilimani kupitia dalali wake. Nyumba safi, ina milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma penye kichaka. Kwa kweli Mtukufu Fisi anajua kujenga."

Simba aliinua kichwa, nzi wakaruka kutoka juu ya mzoga.

"Mtukufu nani?" Simba aliuliza.

"Fisi, Mtukufu. Au tumekosea? Dalali alisema nchi hii yote..."

Simba alikuwa amekwisha kusimama. Mifupa ya ngiri wawili isingemfanya anyanyue hata kidole, naye Bi Ngiri hakuitaja. Aliwaita wake zake wawili, akawanong'oneza neno kuhusu kichaka, kisha akashuka kuelekea kilimani kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa.

Fisi alikuwa amefika mapema. Alikuwa ameshindwa kungoja kwenye kichaka, na sasa alikuwa akibishana na Sungura mlangoni kwa nini chakula kimepelekwa kusalimia watu.

"Nyumba hii ni ya nani?" Simba aliuliza.

Sungura ndiye aliyewahi. "Yako, Mtukufu! Ya nani mwingine? Mimi nawaonyesha wageni njia tu, na huyu bwana alikuwa anapita."

Lilikuwa jibu zuri. Pengine lingewaokoa wote wawili, lau Fisi angenyamaza. Lakini Fisi alisikia kitu chake kinatolewa kwa mwingine, na hapo Fisi huwa hasikii kitu kingine chochote.

"Yake?" alifoka. "Yake tangu lini? Ni yangu! Nimechimba mlango wa nyuma kwa kucha zangu! Kila aliyelala humu ni wangu, na mifupa ni yangu, yote!"

"Nyamaza, kaka," Sungura alimwambia bila kufungua meno.

"Sinyamazi! Umeshapata mashimo matatu, mimi nabaki na nini?"

Simba aliwatazama kwa zamu. "Kama ni yako," alimwambia Fisi, "ingia ukae. Na dalali wako aingie akuonyeshe vyumba."

Waliingia, hapakuwa na pengine pa kwenda. Simba akajinyoosha mlangoni, mgongo kwa nyumba, uso kwenye bonde. Ilisikika purukushani ndani, miguu ikikimbilia nyuma, kisha ikirudi mbele kwa kasi zaidi. Wake wa Simba walikuwa wamefika kichakani.

"Mandhari nzuri," Simba alisema.

Kisha aliwageukia wageni. "Wakitoka hawa, nyumba itakuwa tupu. Kaeni. Nchi yangu inapokea wageni."

"Kwa muda gani, Mtukufu?" Bi Ngiri aliuliza.

Simba alifikiri kwa uaminifu. "Mpaka nitakaposikia njaa."

Walimshukuru, wakavuka mto jua lile lile. Yaliyofuata waliyasikia baadaye kwa Korongo. Siku ya kwanza ndani ya nyumba zilisikika sauti mbili zikilaumiana nani amemponza nani. Siku ya pili ilisikika moja, na haikuwa ya Sungura. Siku ya tatu Simba alisikia njaa.

Mlimani ukungu ulikuwa palepale. Ngiri alifika mlangoni, akajigeuza, akaanza kurudi nyuma kama kawaida.

"Ngoja," mkewe alisema. "Nipishe."

Akaingia pua mbele, katika nyumba aliyoishi miaka sita. Alitaka tu kuhakikisha kuwa nyuma hapana njia ya Fisi. Haikuwapo. Kulikuwa na mwanga.

Mzizi wa mti wa zamani ulikuwa umeoza ukutani na kuacha tundu la ukubwa wa papai, na upepo wa kilele cha mlima ulikuwa ukipita humo moja kwa moja, bila kupinda, mpaka sakafuni. Ngiri hulaza watoto nyuma kabisa, mahali pa salama kuliko pote. Bi Ngiri aliweka uso wake pale walipokuwa wakilala watoto wake watatu. Upepo ulimpiga machoni. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na safari hii, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona, alilia.

Kisha akaita, "Baba! Leta nyasi. Na udongo wa kijitoni."

Walimaliza kuziba kabla ya saa sita mchana. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, walitokwa jasho ndani ya nyumba yao.

Watoto walizaliwa mwezi wa nane, wanne. Barafu ilikuwa nje, wao wakiwa ndani, na wote wanne wakaiona mvua ya vuli. Ngiri aliwaeleza majirani kwamba hali ya hewa imebadilika.

Majirani, ngiri wa uwanda mzima, walikuja kumpongeza Bi Ngiri, lakini hasa walikuja kuuliza habari za ng'ambo. Nyumba zikoje? Joto lipo kweli? Mtu akitaka kununua, aanzie wapi?

"Joto lipo," Bi Ngiri aliwajibu. "Lakini kabla hamjaenda kuitazama nyumba ya watu, rudini mkaitazame yenu. Ingieni kichwa mbele, mara moja tu, mwone mna nini nyuma yenu."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha waliaga kwa heshima, wakarudi kila mmoja kwake, wakaingia kinyumenyume.