Injini ya Mkunga Rozina

Hapo zamani, si zamani ya babu wa babu, maana magari yalikuwepo tayari, aliishi mkunga aliyeitwa Rozina. Kijiji chake kilikuwa juu milimani, huko Ungoni, na hospitali ilikuwa mbali, bondeni. Rozina alikuwa na pikapu kuukuu. Mwanamke akishikwa na uchungu, pikapu ilimfuata. Pikapu ikiwa nzima, mwanamke alifika. Pikapu ikiwa mbovu, mwanamke alibebwa kwa machela, na wengine hawakufika.

Basi injini ya pikapu ikachoka. Ikala oili, ikatoa moshi wa bluu, ikashindwa mlima. Rozina akaipeleka gereji kwa fundi Haule, ifunguliwe yote na kufungwa upya.

Haule alikuwa fundi mzuri, ila alikuwa na jambo lililomchoma moyoni. Injini aliyowahi kumfungia katekista ilivuja oili kwenye uwanja wa kanisa, watu walipokuwa wakitoka misa, na akina mama wakachafua kanga zao. Tangu siku ile Haule aliogopa kuvuja kuliko kitu kingine chochote. Alipofika kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini inamokaa oili, akashika gundi nyekundu ya gasketi, ile ya kuziba maungio.

"Hii haitavuja hata tone," akasema.

Akapaka gundi. Akatazama, akaona haitoshi. Akapaka tena. Alipokaza bolti, gundi ikajikamua nje pande zote kama uji unaofurika sufuriani. Na gundi inayojikamua nje hujikamua na ndani pia, ila ndani hakuna anayeiona.

Mtu mmoja aliyejua hilo alikuwa amesimama hapo. Huyo ni Kihwele, fundi mwenzake. Kihwele alikuwa Mhehe, Haule alikuwa Mngoni, na makabila hayo ni watani. Kihwele alijua kwamba ile gundi ya ndani itakatika vipande, vipande vitaanguka kwenye oili, na oili itavipeleka kwenye chujio la pampu, vilizibe. Alitaka kusema. Lakini wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi, na Haule ndiye mkubwa wa gereji. Akaona haya kumsahihisha mkubwa mbele ya watu. Basi akasema kwa utani.

"Mtani, unaziba injini, au unaziba shimo la panya kitoweo kisikukimbie?"

Watu wakacheka. Haule naye akacheka.

"Ziba mdomo wako, Mhehe. Babu zangu waliwafukuza mkaacha vyungu motoni."

"Tuliwaachia kwa huruma. Mlikuwa mmekonda mno."

Watu wakacheka zaidi, na lile neno la kwanza likapotelea ndani ya kicheko. Maana utani una desturi yake: mtani hakasirikiwi, na mtani hasadikiwi. Kihwele aliijua desturi hiyo. Akachukua spana yake, akaenda kwenye gari lingine.

Injini ikawashwa. Ikanguruma vizuri, bila moshi. Lakini taa nyekundu ya oili ilikawia kuzimika. Aliyeketi kwenye usukani alikuwa Fotunata, dereva wa Rozina, na pale gereji hapakuwa na mwanamke mwingine.

"Fundi, mbona taa inakawia?"

"Injini mpya hiyo, oili inatafuta njia," akasema Haule. "Usiwe dereva wa kuogopa taa."

"Mwambie afumbe macho, hataiona," akasema mteja mmoja kwenye benchi.

Wakacheka. Hata Kihwele alicheka. Taa ikazimika, na Fotunata akaondoa gari huku masikio yakiwaka moto.

Kesho yake alikuwa peke yake garini, kwenye barabara ya tambarare. Taa ikawaka, ikazimika. Akaendesha. Taa ikawaka tena, ikazimika. Akasimamisha gari, akatoa simu, akatafuta jina la Haule. Akalitazama. Akasikia kile kicheko cha gereji kana kwamba kiko ndani ya simu. Akairudisha mfukoni, akaendelea na safari.

Haukupita muda, mwanamke aitwaye Anjelista akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wakampakia nyuma, Rozina akamshika. Pikapu ikapanda mlima ulio kati ya kijiji na bonde la hospitali. Taa ikawaka, na safari hii haikuzimika. Injini ikaanza kugonga.

"Fotu, kinagonga nini hicho?" akauliza Rozina kutoka nyuma.

"Barabara, Bibi. Mawe."

Fotunata akaendelea kukanyaga moto. Wakafika getini pa hospitali injini ikigonga kama mtu anayetwanga chuma. Anjelista akajifungua salama, mtoto wa kike. Na pikapu ikavutwa kwa kamba hadi gereji.

Rozina hakugomba. Alisema tu, "Itazameni, wanangu. Mkijua, mniambie." Kisha akashika njia ya nyumbani kwa miguu.

Wakaitazama. Haule akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imejaa sawasawa. Haule akapumua. Akasema, "Labda ni swichi ya taa." Wakaweka swichi nyingine, taa ikawaka vilevile. Wakaitoa swichi, wakafunga geji mahali pake, ili waone msukumo wa oili kwa macho. Wakawasha. Mshale wa geji ukatikisika kidogo, ukalala. Injini ikagonga. Wakazima.

"Fungua sampu," akasema Kihwele, na safari hii hakutania.

Wakaifungua. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa na nyuzi za gundi nyekundu, zimesokotana kama tambi. Oili ilikuwepo, lakini haikuweza kupanda. Beringi za kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zilikuwa zimelika hadi shaba inaonekana, na kranki yenyewe ilikuwa imechimbika. Injini mpya ilikuwa imekufa.

Fotunata alikuwepo, akawasimulia yote: taa ya kwenye tambarare na mawe ya mlimani. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sasa sikilizeni desturi ya gereji ile. Injini ikiharibikia mikononi mwao, mtu mmoja, mwenye kosa, awe fundi au dereva, huenda kwa mwenye gari na beringi iliyolika, akabisha hodi, akasema, "Ni mimi." Huenda mmoja, hawaendi wengi, maana kosa likibebwa na wengi huwa halina mwenyewe. Na atakayesema hivyo hatagusa tena gari la mtu huyo maisha yake yote. Kwa fundi, hilo ni zito. Kwa dereva wa Rozina, ni zito zaidi.

Haule akasema, "Mkono uliopaka gundi ni wangu, sikatai. Lakini sikujua. Mtani alijua akanyamaza."

Kihwele akasema, "Sikunyamaza. Nilisema, na wewe ukanijibu habari za vyungu."

Fotunata akasema, "Ulisema kwa kicheko, kaka. Tungejuaje kwamba ndani ya kicheko mna injini?"

Kihwele akasema, "Na wewe, dada, ulijua nini? Taa ilikuambia kwa rangi nyekundu. Haikutania. Kama ungetupigia simu siku ile, tungesafisha chujio na injini ingekuwa hai."

Fotunata akasema, "Niliuliza hapa hapa, mkanicheka. Mlinifundisha kunyamaza nami nikanyamaza."

Haule akasema, "Tulikucheka. Hatukukukata ulimi. Na mlimani uliambiwa kinagonga, ukasema mawe."

"Mlimani ningesimama vipi? Ningemshusha Anjelista azalie njiani?"

"Mlimani hapana. Kwenye tambarare, ulipokuwa peke yako?"

Fotunata akainama. Akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Asubuhi wakaenda wote watatu, kwa kuwa hakuna aliyekubali kwenda peke yake wala aliyethubutu kubaki. Haule alikuwa na beringi, ameifunga kwenye kitambaa. Njiani akampa Kihwele, akisema mkono umechoka. Kihwele akatembea nayo kidogo, akampa Fotunata. Fotunata akairudisha kwa Haule. Wakafika kwenye ua wa Rozina, wakasimama nyuma ya matete.

Wakamwona. Alikuwa ameketi kizingitini anavaa raba, na mkoba wake wa ukunga uko mgongoni. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mwanamke ameshikwa na uchungu, na Rozina alikuwa anakwenda kwa miguu. Alifunga kamba za raba polepole, akajishika kiuno, akasimama. Ndipo akasikia matete yakitikisika.

"Nani hapo?" akauliza.

Haule akamtazama Kihwele. Kihwele akamtazama Fotunata. Fotunata akatazama chini. Na kwa desturi yao, atakayeitika ndiye atakayesema, "Ni mimi."

"Nimeuliza, nani hapo?"

Yupo aliyepaka bila kujua. Yupo aliyejua akasema kwa mzaha. Yupo aliyeona akaogopa kuchekwa. Na Rozina bado anangoja jibu, huku mwanamke wa ng'ambo akimngoja yeye.

Je, ninyi mnaosikia, nani alistahili kuitika?