Shahidi Aliyekaa Ndani ya Kombe

Hapo zamani, katika mji wa Mtondoni, alikuwako Sultani Darweshi, aliyependa ukale kuliko chakula. Ikawa mgeni mmoja akamletea kombe la konokono wa baharini lililogeuka jiwe kwa uzee. Sultani akaliweka juu ya sinia la shaba, akatangaza kwamba nyama yake aliila babu yake wa kwanza, na kwa hiyo enzi yake ilizitangulia enzi zote. Kisha akamwamuru Waziri Feruzi alijaze sinia makombe kama lile.

Basi makombe ya mawe hutoka gengeni, na genge huchubua mikono, na Waziri alikuwa na mikono mizuri. Akaokota makombe mapya ufukweni, akayafukia topeni nyuma ya jiko, kisha akayafukiza moshi mpaka yakapata sura ya uzee. Sultani akafurahi mno, na lile kubwa kuliko yote akaliita Babu Mkuu.

Chini ya genge palikuwa na kibanda cha Chande, fukara aliyeishi na mama yake kipofu. Mji mzima ulimwita punguani, naye hakuona haja ya kuusahihisha. Siku ya baraza alikwenda kunywa kahawa ya bure, akaliona lile sinia, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Wacheka nini, ewe Chande?" akauliza Sultani.

"Maulana, ikiwa haya aliyala babu yako, basi babu yako amefariki juzi, nasi hatukuja matangani."

Waziri akapiga kelele kwamba kizazi cha enzi kimetukanwa. Sultani, uso umemwiva, akasema, "Ushahidi wa mwanadamu siutaki, maana wote hunisifu mbele na kunicheka nyuma. Ijumaa niletee shahidi aliyepata kukaa ndani ya kombe, alijuaye kwa ndani. Ukimkosa, kibanda chako kitabomolewa, wewe na mama yako mtahama mji."

Chande akarudi kwake, kicheko kimemwisha. Mama yake alijua kwa nyayo kila jiwe la njia ya kisimani. Katika mji wa watu angekuwa wa kushikwa mkono hata kwenda kuteka maji. Jambo hilo lilimuuma Chande kuliko kubomolewa. Alfajiri ya Ijumaa akatwaa pakacha, akashuka ufukweni.

Baraza lilipojaa, Sultani akauliza, "Yuko wapi shahidi?"

"Nimekuletea kundi zima, Maulana." Akamwaga mkekani wale kaa wasio na nyumba yao, wakaao katika makombe ya waliokufa, naye alikuwa amewachagua wale ambao makombe yao yamepasuka au yamewabana. "Hawa wamekaa ndani ya makombe tangu utotoni, na kujipendekeza hawajui."

Sinia likawekwa chini. Kaa wakalizunguka lile kombe la mgeni, wakatia mikono mlangoni, wakaona limeziba, wakalipita. Wakafika kwenye makombe ya Waziri. Mmoja akapapasa, akachomoka katika kigae chake, akaingia, akajinyoosha. Na kombe likainuka likaenda zake. Wengine wakafuata. Mwishowe Babu Mkuu naye, kwa heshima zake zote, akashuka siniani, akapita katikati ya miguu ya Waziri, akatoka mlangoni. Watu barazani wakauma ncha za vilemba wasicheke.

"Limebaki moja," akasema Sultani kwa sauti ndogo.

"Hilo ndilo la kale, Maulana. Ni zito, halina mng'aro, na jiwe limelijaa hadi mlangoni, hapana wa kuingia. Yale mengine yalikuwa matupu bado, ya kupangishwa."

"Nawe umelijuaje?"

"Yamejaa gengeni nyuma ya kibanda chetu. Mama yangu huyaegemezea mtungi wa maji. Na ikiwa mwenye vitu vya kale ndiye mwenye enzi, sijui kati yako na yeye nani amwamkie mwenziwe shikamoo."

Sultani akamtazama Waziri, akautazama mlango alikopitia Babu Mkuu, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Akaamuru kibanda kile kisiguswe maisha, na Waziri aende gengeni akachimbe kwa mikono yake mizuri.

Ikawa tangu hapo, kila mgeni aliyeuliza habari za makombe ya mababu, Sultani hulitazama sinia lake lenye kombe moja, akajibu, "Mababu hawapo. Wametoka."