Nafasi Moja, Majina Matatu

Hapo zamani, zamani ya juzi juzi tu, barua zilipokuwa zimeshaacha kuja na bahasha na kuanza kuja na kompyuta, walikuwapo watu watatu waliofanya kazi chumba kimoja katika kituo cha kutafiti mbegu, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake nitawaachia ninyi.

Wa kwanza aliitwa Nyamizi, binti wa Kinyamwezi kutoka upande wa Nzega. Wa pili Lusajo, kijana wa Tukuyu, mpole, asiye na maneno mengi. Wa tatu Tupokigwe, mama wa watoto wawili, aliyewatangulia wenzake kazini kwa miaka tisa. Wao walimwita dada Tupo. Wote watatu walikuwa na shahada ya kwanza. Wote watatu walishughulika na ugonjwa mmoja wa maharage, ule unaokausha majani kabla ganda halijajaa. Na wote watatu walitaka kitu kimoja: kwenda kusoma shahada ya juu kwa profesa mmoja, mama mtu mzima aitwaye Halvorsen, katika nchi ya baridi huko kaskazini. Profesa huyo aliujua ugonjwa ule kuliko mtu yeyote waliyemsoma. Lakini kila mwaka alichukua mwanafunzi mmoja tu kutoka nchi za nje.

Wakatuma maombi mwezi wa kumi na moja. Kisha wakasubiri.

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa makoti ya maabara, mmoja alifungua kompyuta ya chumba na wengine wakasimama nyuma yake. Hakuna kitu. Wakaenda kupima mbegu. Kesho yake wakafungua tena. Hakuna kitu. Ikafika Krismasi, ukapita mwaka mpya, hakuna kitu. Nyamizi akawa anajua saa za ng'ambo kuliko za Mbeya. Lusajo akaacha kula mchana. Dada Tupo akawakataza wanawe kumwuliza.

Mwezi wa pili chuo cha profesa kikaandika, tena kwa Nyamizi peke yake. Kilisema matokeo yake ya shahada ya kwanza hayajafika, na kwamba lazima yatumwe na chuo chenyewe alichosoma, yakiwa na muhuri, ndani ya siku kumi. Yasipofika, maombi yake yatawekwa kando.

Siku hizo Nyamizi alikuwa amelazwa hospitali kwa homa ya matumbo, hawezi hata kukaa kitako. Chuo alichosoma kilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Dada Tupo akasema ataenda yeye. Likizo yake alikuwa ameitunza kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza, ule ambao waombaji wa nchi za nje hawana budi kuufanya, na mtihani ulikuwa wiki hiyohiyo, Dar es Salaam. Alipiga hesabu kwamba atapitia chuoni siku moja, kisha aendelee na safari yake.

Siku ya kwanza ofisi ya kumbukumbu ikamwambia njoo kesho. Siku ya pili ikamwambia jalada halionekani, njoo kesho. Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa siku ya mtihani. Dada Tupo alikaa kwenye benchi la ofisi ile tangu ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa. Siku ya nne jalada la Nyamizi likapatikana, limebanwa ndani ya jalada la mtu mwingine, na matokeo yakatumwa mbele ya macho yake.

Mtihani mwingine ulikuwa mwezi wa tano, na mwezi wa tano maombi yangekuwa yamefungwa. Dada Tupo akarudi Mbeya, akamwambia Nyamizi matokeo yamekwenda, akavaa koti lake. Habari ya mtihani Nyamizi aliisikia kwa wengine.

Waliobaki wakaendelea kusubiri.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu ikaja simu kutoka Nzega: baba yake Nyamizi amepatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili umelala. Mama yao alikwisha kufariki. Nyumbani alikuwapo mdogo wake, Kabula, naye alikuwa amemaliza shahada ya kilimo na amepata barua ya kukubaliwa kwenye chuo kimoja cha nchi jirani, aanze mwezi wa nane. Nyamizi akaomba ruhusa kazini. Kabla ya kuondoka alimwachia Lusajo neno la siri la barua zake. Alimwomba azichungulie kila asubuhi, maana kijijini kwao mnara wa simu ulikuwa umepigwa na radi na haujatengenezwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne Lusajo akafungua kompyuta, akakuta barua mbili. Moja kwa Nyamizi: umekubaliwa, tuma fomu yenye sahihi yako na nakala ya pasipoti yako ndani ya siku kumi. Nyingine kwake mwenyewe: wewe ni wa kwanza katika orodha ya akiba, aliyechaguliwa asipojibu ndani ya siku kumi, nafasi ni yako.

Nyamizi hapatikani kwa simu. Pasipoti anayo mwenyewe, sahihi ni ya mkono wake. Lusajo hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Kukaa kimya tu kulitosha.

Tena alikuwa na jambo lake. Ijumaa ya wiki ile alitakiwa kukaa mbele ya kompyuta asailiwe na chuo kingine, cha pili alichokiomba. Aliwaandikia kuwaomba wamsogezee siku. Hawakujibu. Na angengoja usaili upite, mvua za masika zingeweza kumfungia njia mpaka siku kumi ziishe. Lusajo akapanda basi la Tabora, lile linalopita Chunya na Rungwa. Mvua ilikuwa imekata barabara, wakalala njiani. Ijumaa mchana, wakati wa usaili wake, alikuwa nyuma ya pikipiki kwenye matope ya mbele ya Nzega, akiulizia nyumba ya mzee Mihayo, baba yake Nyamizi.

Aliwakuta uani. Mzee amekalishwa kwenye kiti chenye mito, Kabula anamlisha uji kwa kijiko, Nyamizi anafua shuka. Akakaribishwa, akapewa maji, akasalimia. Kisha akamwambia Nyamizi yote mawili: barua yake, na orodha ya akiba.

Nyamizi alimaliza kukamua shuka. Halafu akasema, "Basi nenda wewe, Lusajo. Mimi nitamwachaje baba hivi? Acha siku zipite, uchukue."

Lusajo alitazama kikombe chake. Alichokuwa akikifikiri hapo hakukisema, nasi tusimsemee. Aliyejibu alikuwa Kabula. Alimfuta baba yake mdomo, akaweka bakuli chini.

"Dada, utaenda. Baba nitabaki naye mimi."

Nyamizi akamkumbusha kwamba ana chuo chake. Kabula akasema chuo cha jirani hakitahama. Asubuhi yake walimwachia jirani mzee, wakaenda wote watatu mjini Nzega kwenye mtandao. Nyamizi akatia sahihi na kutuma. Kwenye kompyuta ya pembeni Kabula akakiandikia chuo chake mistari miwili kwamba hatakwenda.

Nyamizi akasafiri mwezi wa nane. Lusajo na dada Tupo wakabaki na maharage yao. Mwezi wa kwanza mzee Mihayo akafariki. Kabula akaandikia tena chuo cha jirani. Wakamjibu aombe upya, kama mtu wasiyemjua.

Sasa sikilizeni vizuri.

Mwaka wa pili ulipoanza, Profesa Halvorsen alimwita Nyamizi ofisini. Alimwambia amepata nafasi moja zaidi ya utafiti wa maharage, na hana nguvu ya kusoma maombi mia nne. Anataka jina moja la mtu ambaye Nyamizi anaijua kazi yake. Mtihani wa Kiingereza utafanywa baadaye, orodha ya akiba haitakuwapo. Jina aletewe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Lisipokuja, nafasi ataitangaza kwa dunia nzima.

Nyamizi akafanya jambo ambalo wengine wanaliita uungwana na wengine wanaliita kosa. Aliwapigia simu dada Tupo, Lusajo na Kabula, akawaambia wote watatu. Alidhani mmoja atajitoa. Hakujitoa hata mmoja.

Dada Tupo alisema hivi: "Wewe na Lusajo mlisomwa, mkachaguliwa, mkawekwa akiba. Mimi sikusomwa. Maombi yangu hayakufunguliwa, kwa sababu nilikuwa kwenye benchi nikitafuta jalada lako. Mwakani natimiza miaka arobaini. Wenzangu wana muda wa kuomba tena. Mimi nikikosa hii, nimemaliza."

Ilikuwa kweli.

Lusajo alisema hivi: "Nafasi uliyoikalia ingekuwa yangu kama ningenyamaza, na chuo cha pili kilinifuta kwa kutotokea. Nilipoteza mbili kwa safari moja." Kisha akaongeza: "Ila kuna kitu sikukwambia. Barua ilikuja Jumatatu. Mimi niliondoka Jumatano. Jumanne nzima nilikaa nayo. Nakwambia sasa, kabla hujaamua, usije ukaijua baadaye."

Hiyo nayo ilikuwa kweli, na hakuna mwingine aliyeijua.

Kabula alikuwa wa mwisho. Alianza kwa kusema hataki apewe kwa ajili ya udugu, na Nyamizi asimnyime kwa kuogopa kusemwa na watu.

"Dada, wale walikusaidia upate barua. Mimi nilikusaidia uondoke. Barua ungeiacha pale uani, ulisema kwa mdomo wako. Baba alipokuwa anauliza uko wapi, niliyemjibu ni mimi, kila siku, mpaka alipoacha kuuliza. Hilo mimi siliiti deni. Lakini umeniuliza, nami nimekujibu."

Hilo pia lilikuwa kweli.

Nyamizi akahesabu siku. Kule Mbeya watu wawili walifungua kompyuta asubuhi, wamekaa mbalimbali safari hii, hawasimami tena mmoja nyuma ya mwenzake. Kule Nzega mmoja alitembea mpaka mjini kila baada ya siku mbili. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Jumatatu ikapita, ikapita Jumatano. Kule ng'ambo, mwenzake Nyamizi wa maabara alimshauri achague mwenye alama za juu, amalize. Alama zao zilikuwa karibu sawa. Tofauti yake mtu mwenye akili asingeitegemea.

Ijumaa Nyamizi akaingia ofisini kwa profesa, akataja jina moja. Mwezi wa nane mtu mmoja akashuka kwenye ndege, akavalishwa koti zito. Wawili waliobaki, mmoja alimpigia Nyamizi simu siku ileile, akamwambia amefanya haki. Mwingine hajapiga mpaka leo.

Jina alilolitaja ninalijua. Sitalitoa kinywani mwangu kabla sijasikia la kwenu, ninyi mliokaa hapa mkayasikia yote. Dada Tupo aliyeacha mtihani wake kwenye benchi, Lusajo aliyekuja na habari baada ya kukaa nayo Jumanne nzima, au Kabula aliyebaki na baba: je, nani alistahili?